Mabaki ya vitambaa: Kazi ya mikono inayotafuta soko mpakani Busia na Tororo

Chini ya karibu kila cherehani inayowekwa kibarazani mjini Busia au Tororo kuna rundo la vipande ambavyo havimo tena katika hesabu ya fundi wala ya mteja: pembe za kitenge, kingo za sare ya shule, miguu ya jinzi iliyokatwa, ukanda mwembamba wa satini uliobaki baada ya gomesi kushonwa. Jioni ikifika, rundo hilo hufagiliwa. Sehemu yake huchomwa, sehemu huishia mtaroni, na sehemu ndogo hugeuzwa matambara ya kufutia mafuta kwenye gereji za pikipiki.

Kwa fundi anayejua kuvitazama, vipande hivyo ni malighafi ya mikoba, aproni, nguo za watoto, hata jaketi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama na kuokota ndiyo sehemu rahisi. Ugumu huanza pale fundi anapotaka kujua ni kipande kipi kinafaa, muda wake una thamani gani, na bidhaa yake itavukaje mpaka hadi kwa mnunuzi aliye upande wa pili.

Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa nini eneo la mpakani kati ya Kenya na Uganda lina fursa zake za kipekee, na kwa nini maamuzi yanayofanywa mbali na Busia yanaweza kuinua au kuzima riziki ya mtu mwenye mkasi na cherehani moja.

Mabaki hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni meza ya kukatia. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara katika sekta ya mavazi duniani ni kwamba takriban asilimia 15 ya kitambaa hubaki bila kutumika nguo inapokatwa. Sababu yake ni umbo la mwili wa binadamu: mikono, mabega na shingo huhitaji mikato ya mviringo, ilhali kitambaa huuzwa kikiwa na pembe nne. Kila penye duara pana kipande kinachobaki nje yake.

Kwa fundi wa mpakani, wingi wa mabaki hufuata kalenda. Shule nchini Kenya hufungua mwaka wa masomo Januari, na za Uganda kwa kawaida mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo, katika majuma ya kabla ya hapo, meza za mafundi hujaa vitambaa vya sare, na mabaki huwa mengi na ya rangi zinazofanana. Msimu wa harusi na sikukuu nao huleta vitenge na vitambaa vya gomesi.

Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda lenye mabega yaliyoinuka na mshipi mpana kiunoni, linastahili kutajwa peke yake. Jina lake linahusishwa na fundi wa asili ya Goa aliyeitwa Gomes, ambaye historia humtaja pamoja na sare za wasichana wa shule ya Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Vazi hilo hutumia kitambaa kingi, na mabaki yake mara nyingi huwa marefu na yenye kung'aa, yanayofaa kwa bitana ya ndani ya mkoba.

Chanzo cha pili ni mitumba. Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo zilizotumika mwaka 2019, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa na taasisi ya masuala ya uchumi ya nchini humo pamoja na muungano wa wafanyabiashara wa mitumba. Robota linapofunguliwa, nguo hupangwa kwa daraja. Zile zilizo bora huuzwa haraka. Zilizochanika, zenye madoa au zilizokufa zipu hubaki chini kabisa ya rundo. Hizo ndizo hununuliwa kwa bei ya chini na fundi anayetafuta kitambaa, si nguo.

Kwa nini mpakani?

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja nchini Kenya na mwingine Uganda, na wakazi wake wengi wana jamaa pande zote mbili. Wilaya ya Busia upande wa Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997. Tororo yenyewe, mji unaotambulika kwa mlima wake wa mwamba, iko kwenye njia ya reli inayotoka Mombasa na kuvuka mpaka Malaba.

Biashara ndogondogo ya kuvuka mpaka ina mizizi mirefu katika eneo hili. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwabeba abiria na mizigo yao kati ya kituo kimoja cha mpakani na kingine. Bidhaa nyepesi, inayobebeka mgongoni na isiyooza, ndiyo iliyofaa zaidi biashara hiyo. Mkoba wa kitambaa una sifa zote hizo.

Sababu nyingine ni sheria ya mazingira. Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilianza kutekeleza marufuku dhidi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu iliyowekwa ilifikia faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Uganda iliwahi kupitisha marufuku dhidi ya mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2009, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Matokeo yake ni kwamba, kwa umbali wa hatua chache tu, mfuko ambao ni wa kawaida sokoni upande mmoja unaweza kumpeleka mtu mahakamani upande wa pili.

Mwaka 2019, mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitangaza pia marufuku dhidi ya mifuko ya nyuzi za plastiki iliyobanwa bila kufumwa, ambayo ilikuwa imechukua nafasi ya ile ya kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba mingi ilitengenezwa kwa ubora duni kiasi cha kutumika mara moja na kutupwa. Hoja hiyo ni kipimo kizuri kwa kila fundi wa mikoba: mfuko wa kitambaa hauna faida kwa mazingira kama utachanika baada ya safari mbili za sokoni.

Kazi ya kwanza ni kuchambua

Fundi asiyechambua mabaki yake kabla ya kushona hulipia uzembe huo baadaye. Vitambaa viwili vinavyofanana machoni vinaweza kutofautiana kabisa majini na motoni. Pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza, poliesta hainywei. Vikishonwa pamoja bila kufuliwa kwanza, mkoba utakunjamana kwenye kila mshono pindi utakapooshwa.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hufua, hukausha na kupiga pasi mabaki yote kabla ya mkasi kuyagusa. Kwa mitumba, hatua hiyo ni ya lazima pia kwa sababu za usafi.

Kutambua aina ya kitambaa hakuhitaji maabara. Uzi mdogo huchomolewa ukingoni, hushikwa kwa koleo na kusogezwa kwenye moto, mbali na kitu chochote kinachoweza kuwaka. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka, hujikunja na kuacha tone gumu. Kitambaa cha mchanganyiko, kama kilivyo kile cha sare nyingi za shule, huonyesha dalili za vyote viwili.

Jaribio la pili ni la rangi. Kitambaa cheupe kilicholowa husuguliwa juu ya kipande. Kikitoka na rangi, kipande hicho hakifai kukaa karibu na cheupe, hata kama kinapendeza kiasi gani.

La tatu ni nguvu. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu wake na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Kitambaa huwa imara kikivutwa kwa kufuata nyuzi hizo na hulegea kikivutwa mshazari. Kwa mabaki, ambayo mara nyingi hayana ukingo wa kuongoza jicho, fundi hulazimika kuutafuta mwelekeo huo kwa kuvuta kwa vidole. Mkanda wa mkoba uliokatwa mshazari utarefuka siku ya kwanza utakapobebeshwa kilo mbili za viazi.

Baada ya hapo vipande hugawanywa kwa uzito: vizito kama jinzi na khaki kwa ajili ya kitako na mikanda, vya kati kama kitenge kwa ajili ya mbele na nyuma, vyepesi kwa ajili ya bitana na mifuko ya ndani.

Hesabu ya mkoba mmoja

Ubunifu wa mikoba ya vipande huanza na hesabu. Chukulia mkoba wa sokoni wenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40, usio na zipu.

Fundi akiamua kutumia vipande vya mraba ambavyo, baada ya kushonwa, kila kimoja kitaonekana kuwa na sentimita 10, atahitaji vipande 16 kwa upande mmoja na 32 kwa pande zote mbili. Lakini kila kipande lazima kikatwe kwa sentimita 12, kwa kuwa sentimita moja kila upande huliwa na mshono. Kwa jumla atatumia sentimita za mraba 4,608 za kitambaa, ambazo ni chini kidogo ya nusu mita ya mraba.

Akichagua vipande vidogo zaidi, vya sentimita 5 vinapokamilika, mambo hubadilika. Sasa anahitaji vipande 128, kila kimoja kikiwa kimekatwa kwa sentimita 7, na kitambaa kinachotumika hufikia sentimita za mraba 6,272. Mkoba ni ule ule, ukubwa ni ule ule, lakini umemeza kitambaa zaidi kwa zaidi ya theluthi moja, na tofauti yote imefichwa ndani ya mishono.

Muda nao huongezeka kwa kasi kubwa zaidi. Katika mkoba wa kwanza, fundi akiunga vipande vinne vinne kuwa tepe na kisha kuunganisha tepe hizo, hushona mishono 15 kwa kila upande, yaani 30 kwa mkoba mzima. Katika mkoba wa pili mishono hiyo hufikia 126. Ndiyo maana mafundi wengi hutumia vipande vidogo kwa mapambo tu, labda mstari mmoja juu ya mfuko wa mbele, na kuacha sehemu kubwa ya mkoba ishonwe kwa vipande vipana.

Mpangilio wa rangi una kanuni yake. Vitenge vina maua na michoro mikubwa, na kila kimoja kilibuniwa kitazamwe peke yake. Vikiwekwa pamoja bila mpango, hugombana. Njia rahisi ni kuvitenganisha kwa kitambaa cha rangi moja, na hapa mabaki ya sare za shule, ambayo peke yake hayana mvuto, hupata kazi. Bluu iliyokolea, kijani au maruni ikipita katikati ya vitenge viwili huyapa macho mahali pa kupumzika.

Sehemu inayoharibika mapema zaidi ni mahali mkanda unapoungana na mkoba. Mkanda imara hupatikana kwa kukata kitambaa kizito cha upana wa sentimita 10, kukikunja mara mbili kuelekea ndani hadi kibaki na upana wa sentimita 2.5, kisha kupitisha mshono kwenye kingo zote mbili. Ncha zake hupachikwa kwa mshono wa mraba wenye alama ya msalaba wa mshazari ndani yake, juu ya kiraka cha ziada kilichofichwa upande wa ndani. Mshono wa mstari mmoja hautoshi.

Sindano nayo huchaguliwa kulingana na kitambaa. Namba 14 hutosha kwa kitenge, lakini mishono ya jinzi iliyorundikana huhitaji namba 16 au 18. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu, ambayo bado imeenea katika miji hii, haina aibu katika kazi hiyo: hupita polepole penye unene, na haisimami umeme unapokatika.

Mavazi yanahitaji uangalifu zaidi

Mkoba husamehe makosa ambayo nguo haiyasamehi. Nguo hukaa juu ya ngozi, hujikunja kwenye viwiko na magoti, hufuliwa mara nyingi, na mvaaji hutambua mara moja kama bega moja limezidi jingine.

Kwa sababu hiyo, wanaoanza hushauriwa kushona kwanza nguo za watoto, ambazo sehemu zake ni ndogo na hutoshea kwenye mabaki bila kuungwa mara nyingi. Sketi ya vipande virefu kutoka kiunoni hadi chini ni hatua ya pili, kwa kuwa mishono yake yote hufuata mwelekeo mmoja. Mashati na jaketi huja baadaye.

Kanuni inayofuatwa ni kutoweka maungio mahali panapobeba uzito au msuguano: juu ya bega, chini ya kwapa, katikati ya makalio. Sehemu hizo hukatwa kwenye kipande kizima, na viraka hupelekwa kwenye kola, mifuko, pindo na mgongo. Upande wa ndani, kingo zote hufungwa kwa mshono wa ovaloki au kwa kukunjwa mara mbili, la sivyo nyuzi hufumuka na nguo huwasha.

Nguo ya viraka imewahi kuwa ishara ya mambo makubwa kuliko umaskini. Nchini Sudan, katika miaka ya 1880, wafuasi wa Mahdi walivaa joho la viraka kama alama ya kuikataa anasa, na baadaye viraka hivyo vikawa pambo lililopangwa kwa ustadi. Huko Alabama, Marekani, wanawake weusi wa kijiji cha Gee's Bend walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi ili familia zisilale kwenye baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York.

Karibu zaidi na mpaka, mjini Kampala, mbunifu Bobby Kolade alianzisha nembo ya BuziGahill, ambayo huzifumua nguo za mitumba, huzibuni upya na kuziuza katika nchi tajiri zilikotoka. Nairobi nako, nembo ya Suave imejijengea jina kwa mikoba inayotokana na nguo zilizotumika.

Bei: pale wengi wanapopotea

Kosa linalowaangusha wengi ni kuamini kwamba, kwa kuwa kitambaa kilipatikana bure, mkoba unaweza kuuzwa kwa bei yoyote. Katika bidhaa ya mabaki, kitambaa ndicho gharama ndogo zaidi. Kinacholiwa ni muda: kuchambua, kufua, kupiga pasi, kupanga rangi na kuunga.

Kipimo cha haki ni kujiuliza fundi angefanya nini na saa hizo hizo. Tuseme katika saa tano anaweza kushona sketi mbili za sare kwa ujira unaojulikana. Ikiwa mkoba wa vipande umemchukua saa tano, basi ujira wa sketi mbili, pamoja na gharama ya uzi, zipu na usafiri, ndiyo bei ya chini ambayo hapaswi kuivuka. Chini ya hapo anajipunja, hata kama fedha zinaonekana kuingia mfukoni.

Mpakani kuna hesabu ya ziada, nayo ni ya sarafu mbili. Shilingi moja ya Kenya huwa na thamani ya zaidi ya shilingi 20 za Uganda, lakini uwiano huo hautulii. Mwanzoni mwa mwaka 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi takriban 130, huku shilingi ya Uganda ikibadilika kidogo tu. Kwa maneno mengine, shilingi ya Kenya ilipanda kwa karibu moja ya tano dhidi ya ile ya Uganda ndani ya miezi michache.

Fundi wa Tororo aliyekuwa akiuza mikoba Kenya alipata zaidi kwa kazi ile ile. Lakini yule aliyekuwa akinunua zipu na uzi upande wa Kenya ili auze Uganda aliona faida yake ikiyeyuka. Wafanyabiashara wa mpakani hujikinga kwa kununua vifaa na kuuza bidhaa kwa sarafu ile ile kadiri inavyowezekana.

Kuvuka mpaka kihalali

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta wa Kenya na Yoweri Museveni wa Uganda. Chini ya mfumo huo, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi katika jengo moja, na msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili.

Kwa wafanyabiashara wadogo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara. Shehena yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa ni bidhaa iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa na imetengenezwa ndani ya jumuiya, hupitishwa bila ushuru wa forodha kwa kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani.

Neno muhimu hapo ni asili. Mkoba ulioshonwa kwa mabaki ya kiwanda au ya fundi wa ndani ya jumuiya una hoja nyepesi. Mkoba uliotokana na jinzi iliyokuja na robota kutoka ng'ambo huhitaji maelezo zaidi, kwani fundi lazima aonyeshe kwamba nguo ya zamani imekatwa na kushonwa kuwa kitu kipya kabisa, na haivuki mpaka kama mtumba. Ni busara kuuliza kwenye dawati la taarifa za biashara kabla ya kufunga mzigo, na kukumbuka kwamba msamaha wa ushuru wa forodha hauondoi kodi nyingine za ndani.

Licha ya hayo, njia za panya bado zinatumika. Wengine huogopa makaratasi, wengine hawajui haki zao. Lakini anayepita huko hukosa cheti, na bila cheti hawezi kulalamika mzigo wake ukichukuliwa.

Maamuzi yanayotoka mbali

Mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa uagizaji wa mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya nguo. Hoja yao ilikuwa na historia. Pamba ilianza kulimwa kibiashara nchini Uganda mwaka 1903, na eneo la mashariki lilikuwa miongoni mwa wakulima wakubwa. Jinja ilipata kiwanda chake cha nguo, NYTIL, katika miaka ya 1950. Kenya nayo ilikuwa na KICOMI mjini Kisumu na Rivatex mjini Eldoret. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, viwanda vingi vilidhoofika.

Mwaka 2017, wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi za kanda zikatishiwa kupoteza nafuu ya kuuza bidhaa Marekani chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda haikulegeza, na mwaka 2018 nafuu yake kwa upande wa mavazi ilisitishwa. Uganda iliondolewa katika mpango huo kuanzia Januari 2024, kwa sababu nyingine zilizohusu haki za binadamu.

Suala hilo lilirejea karibu kabisa na Tororo mnamo Agosti 2023, Rais Museveni alipotangaza mjini Mbale, katika uzinduzi wa viwanda, kwamba atapiga marufuku mitumba. Wafanyabiashara wa Kampala walipinga vikali.

Kwa fundi wa mabaki, suala hili lina pande mbili. Mitumba ikizuiwa, huenda wateja wakarudi kushonesha nguo, na vipande kwenye meza ya kukatia vikaongezeka. Lakini jinzi na makoti, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa mikoba imara, vitaadimika. Mwaka 2020 ulionyesha jinsi hali inavyoweza kugeuka ghafla: wakati wa janga la corona, Kenya ilisimamisha uagizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa, mpaka ukafungwa kwa wasafiri wa kawaida, na kwa muda mfupi bidhaa iliyotakiwa zaidi kutoka kwa mafundi ikawa barakoa za kitambaa.

Je, hili ni jibu la tatizo la taka?

Ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na shirika la Changing Markets Foundation ilikadiria kwamba, kati ya nguo zaidi ya milioni 900 zilizotumika zilizopelekwa Kenya mwaka 2021, takriban milioni 458 zilikuwa taka. Wafanyabiashara wa mitumba wameyapinga makadirio hayo, wakisema hakuna mtu anayelipia nauli ya meli kuleta taka.

Hata makadirio hayo yakipunguzwa sana, hesabu ya cherehani inabaki ngumu. Mkoba mmoja pamoja na bitana yake ukichukua gramu 200 za kitambaa, tani moja ya mabaki itahitaji mikoba 5,000. Fundi anayekamilisha mikoba minne kwa siku, akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, atamaliza tani hiyo baada ya zaidi ya miaka minne. Taka za nguo zinazopimwa kwa maelfu ya tani haziwezi kumalizwa na mikono ya mafundi, na haitakuwa haki kuwabebesha jukumu ambalo ni la watengenezaji, waagizaji na serikali.

Kinachowezekana ni kidogo kuliko hicho, lakini kina uzito kwa anayehusika. Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa wa kitambaa. Inaweza kufanywa katika miezi ambayo wateja wa sare wametoweka. Inampa mwanagenzi vipande vya kujifunzia bila hofu ya kuharibu kitenge cha mteja. Na bidhaa yake inaweza kusubiri mnunuzi bila kuoza.

Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mpakani hata chema huhitaji kuonekana. Maonyesho ya wajasiriamali wadogo wa Afrika Mashariki, yanayofahamika kama Jua Kali au Nguvu Kazi, yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1999 yakizunguka katika nchi wanachama, na ni miongoni mwa mahali ambapo fundi wa mji mdogo hukutana na mnunuzi wa mbali. Kushiriki kwa kikundi hupunguza gharama, na huwezesha oda ya mikoba 50 kukamilishwa kwa wakati, jambo ambalo fundi mmoja hawezi kuliahidi.

Ushauri wa kuanzia unaweza kutekelezwa leo hii: kuweka magunia matatu kando ya meza ya kukatia, moja la vitambaa vizito, moja la vya kati na moja la vyepesi, na kuandika kwenye daftari saa zilizotumika kwa mkoba wa kwanza. Magunia yataonyesha kama malighafi inatosha. Daftari litaonyesha kama kazi inalipa.